Rodi sita zilizobaki ndani ya bomba: kisa cha chemba ya Tabata na jinsi ya kuchagua rodi za kuzibulia

Nyumba iko Tabata, Dar, ya wapangaji, vyumba vinne kila kimoja na choo chake ndani, afu mbele barabarani kuna frem moja ya chipsi. Mwenye nyumba ni mama yangu mdogo, yeye anakaa Morogoro, kwa hiyo bomba likipasuka au luku ikileta shida simu inaita kwangu. Maji taka ya nyumba nzima yanashuka kwa bomba la PVC la inchi 4, yanapita chemba tatu ndogo zilizojipanga pembeni ya ukuta, afu kutoka chemba ya mwisho yanaenda septiki iliyoko karibu na geti. Kile kipande cha mwisho, kutoka chemba hadi septiki, ni mita 14 hivi, hamna chemba yoyote katikati na juu yake kumepangwa pevingi. Hiyo mita 14 ishikeni kichwani maana shida yote imezaliwa hapo.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mpangaji wa chumba cha mwisho, kwamba akioga maji yanarudi, akiflashi choo kinapanda mpaka karibu na ukingo afu kinashuka polepole. Siku hiyo hiyo mama wa frem ya chipsi akasema sinki lake nalo halishuki. Sasa wakiziba watu wawili kwa mpigo ujue kilichoziba hakiko ndani kwa mtu, kiko kwenye njia wanayotumia wote. Kukafunuliwa chemba, zote tatu zimejaa mpaka juu. Kukafunuliwa septiki, maji yapo kwenye usawa wake wa kawaida, na kwenye mdomo wa bomba linaloingia kunadondoka tone tone tu. Hapo huhitaji kuwa injinia: chemba imejaa, shimo halijajaa, basi mzibo upo katikati yake. Nasema hivi sababu watu wengi wakiona chemba imefurika wanakimbilia kuita gari la majitaka, gari linanyonya shimo, hela inaenda, na kesho yake chemba bado imejaa, kwa sababu shimo halikuwa na kosa lolote.

Kilichoziba tulikuja kukiona baadaye, na ni vile vile unavyodhani. Mafuta ya chipsi na waipsi za mtoto. Mafuta ya mawese yanaanza kuganda yakishuka chini ya nyuzijoto 35 hivi, kwa hiyo unayamwaga ya moto yakiwa maji matupu, yakifika chini ardhini kwenye bomba la baridi yanajipaka kwenye kuta na kukauka kama mshumaa. Afu inakuja waipsi, ambayo haiyeyuki kama toilet pepa, ile nyingi ina nyuzi za plastiki ndani, inanasa kwenye yale mafuta, inanasa nyingine juu yake, na mchanga wa kuoshea masufuria unajaza yaliyobaki. Kabla sijaambiwa, mpangaji mmoja alishamwaga kostiki soda kopo zima. Kostiki ikikutana na mafuta inatengeneza sabuni, sawa, ila kwenye mzibo mkubwa inayeyusha ya juu tu, ile sabuni inashuka kidogo mbele inaganda tena, na yale maji yaliyobaki kwenye chemba yanakuwa na kostiki, fundi akiingiza mkono au yakimrukia machoni ni balaa. Kama umemwaga kitu chochote, mwambie fundi kabla hajafungua mfuniko. Na usije ukamwaga asidi juu ya jiki, hiyo inatoa gesi ya klorini, watu wanazimia chooni.

Fundi aliyekuja ni kijana mzuri tu, mchapakazi, siyo wa kubabaisha. Alikuja na seti yake ya rodi za plastiki kumi, zile za kuunga kwa kusokota, kila moja ni futi 3 yaani sentimita 91 au 92 hivi. Kumi ukiziunga zote unapata mita 9 na kidogo. Njia ni mita 14. Yeye aliingiza mara ya kwanza akiwa na kichwa cha mpira, ile sahani ya inchi 4, akasukuma, rodi zikaisha mkononi na mzibo hajaufikia. Akapiga simu kwa mwenzake anayefanya kazi maeneo ya Segerea, akaletewa rodi nyingine sita pamoja na kile kichwa chenye ncha mbili zilizojisokota kama kizibuo cha chupa. Kwa kuwa kile kichwa kilikuwa kinakaa vizuri kwenye rodi za mwenzake tu, akaziweka zile sita za kuazima mbele, za kwake zikafuata nyuma.

Nilikuwepo wakati anaunga ile ya sita ya kuazima na ya kwanza ya kwake. Iliingia. Ila iliingia kirahisi mno, akazungusha mara chache ikagota, ukiishika ukiitikisa inacheza. Akasema "itakaa hiyo bosi, ikibanwa na bomba itatulia." Akaendelea. Akafika rodi ya kumi na tatu, akasema ameugusa, unasikia kabisa mkononi inakuwa nzito, akaanza kuzungusha ili kile kichwa kichimbe. Akazungusha, rodi zikawa zinajinyonga kama kamba, akaachia ili apumzike, rodi zikageuka zenyewe kwa kasi kurudi nyuma. Akashika tena, akazungusha tena, akavuta. Zikaja nyepesi. Zikatoka saba.

"Zimeachana," akasema, na mwenye zile sita yuko palepale amesimama anaangalia.

Tukafanya kile ambacho kila mtu hufanya, kujaribu kuzifuata. Akafunga ndoano ya waya mbele ya rodi zake, akaingiza, kila akigusa ile mkia wa rodi zilizobaki inasogea mbele badala ya kunasa. Mwishoni ikawa wazi zinasukumiwa kwenye mzibo tu. Watu wakaanza kushauri nondo. Hapa nilikataa kabisa. Nondo haina huruma na PVC, ikifika kwenye kiungo cha bomba au kona inatoboa, na ukishatoboa bomba chini ya pevingi umejitengenezea shida ya maji taka kwenda kwenye udongo na mizizi kuingia kwenye bomba, kitu ambacho utakilipia miaka. Kuna mwingine alishauri kuingiza mpira wa maji na kufungulia presha. Bomba limejaa na limefungwa mbele, hayo maji unayoongeza yatarudi wapi kama siyo kwenye chumba cha yule jamaa wa mwisho?

Kilichobaki ni kufukua. Na hapa kuna kitu kimoja kilituokoa, hesabu. Fundi alijua ameingiza kumi na tatu na zimetoka saba, kwa hiyo kiungo kilichoachia kilikuwa kama mita 6 na nusu kutoka ukuta wa chemba, na kichwa cha mbele kama mita 12. Tukalaza futikamba juu ya pevingi kufuata mstari wa chemba na septiki, tukatoa pevingi kuanzia mita ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu tu, siyo mtaro mzima. Bomba likakatwa pale, mzibo ukawa mbele yetu, kile kichwa kimejichimbia ndani ya donge la mafuta na waipsi ambalo lilikuwa gumu kiasi kwamba ulikuwa unalikata kwa panga. Rodi zote sita zikatoka, nzima, ila uzi (yale meno ya kusokotea) wa ile ya mwisho, upande wa kike wenye tundu, ulikuwa umelika.

Sasa tuje kwenye kwanini ziliachana, maana jibu la haraka ambalo kila mtu alilitoa pale ni "rodi za bei rahisi." Siyo uongo ila haijatosha. Plastiki yenyewe haikukatika hata moja. Fimbo zote kumi na sita zilitoka nzima. Kilichoshindwa ni kiungo, na kilishindwa kwa sababu zaidi ya moja.

Ya kwanza na kubwa ni uzi. Rodi za kusokota za mtindo wa Uingereza zinatumia uzi wa Whitworth wa robo tatu ya inchi, yule injinia Mwingereza Joseph Whitworth aliupendekeza mfumo wake 1841, pembe ya jino nyuzi 55, meno kumi kwa inchi, yaani jino hadi jino ni milimita 2.54. Rodi nyingine za siku hizi zinachongwa kwa milimita, na ukichukua M20 ya kawaida, yaani uzi wa unene wa milimita 20, pembe ni nyuzi 60 na jino hadi jino ni milimita 2.5. Ona hapo. 2.54 na 2.5. Kwa macho hutofautishi, na robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo dume la Whitworth (ncha yenye uzi nje) linaingia kwenye jike la M20 (tundu lenye uzi ndani) bila hata kubisha, linakaa, linagota, ila limeshika kwa ncha za meno tu, ndo maana linacheza ukilitikisa. Ukigeuza upande, dume la M20 kwenye jike la Whitworth, haliingii, na hapo angalau ungejua. Nilipoenda na rodi mbili, moja ya kila seti, kwa fundi wa kuchonga vyuma mwenye mashine ya leth, alizipima akasema moja ni ya inchi na nyingine ni ya milimita, akacheka, akasema hata boliti za magari watu wanaharibu kwa staili hiyo hiyo. Kwa hiyo kuazimana rodi kati ya mafundi ni jambo la kawaida na hamna ubaya, ila kabla ya kuingiza kwenye bomba ungeni zote juu, vuta, tikisa, na kama kuna mahali panacheza usiingize.

Ya pili ni kule kuachia. Rodi za kusokota zinafungwa kwa kugeuza kulia, kama mshale wa saa, na sheria yake ni moja tu: ukisukuma geuza kulia, ukivuta geuza kulia, ukifikiria geuza kulia. Fundi wetu anaijua hiyo na hakugeuza kushoto hata mara moja. Ila kichwa kikishanasa mbele, wewe ukizungusha huku nyuma rodi zinajinyonga na kutunza nguvu kama springi ya saa ya ukutani, ukiachia ghafla zinarudi kushoto kwa kasi na zinaweza kupitiliza, na kiungo kilicholegea kuliko vyote ndo kinajifungua. Kiungo kizuri kilichokazwa kinastahimili hilo. Kile cha uzi mchanganyiko hakikuwa na nafasi. Ukitaka kupumzika, shika rodi, iruhusu irudi taratibu mkononi, afu kaza tena kabla ya kuvuta.

Ya tatu ni chemba. Ni ndogo, ndani kama sentimita 45 kwa 45, na kina hakifiki mita. Rodi ya sentimita 90 ikitoka juu kuingia kwenye bomba lililolala inabidi ijipinde kwa ukali, na kila kiungo kinachopita pale kona kinakunjwa, maana pale kwenye chuma hamna kupinda, plastiki ndo inapinda, kwa hiyo nguvu yote inakuja kwenye shingo, pale fimbo inapoingia kwenye chuma. Rodi nne za fundi wetu zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe hapo shingoni. Weupe huo kwenye plastiki ni dalili kuwa imeshachoka, siku moja itakatika hapo hapo.

Na ya nne, kichwa. Kile cha msokoto ni kizuri kwa matambara, waipsi na mizizi kwa sababu kinanasa na unakivuta kurudi. Ila kwenye donge la mafuta lililoganda kinajichimbia afu kinakwama, na wewe huna namna ya kukitoa bila kugeuza kushoto, ambako ndo kunafungua rodi. Umeona mtego ulivyo. Kwa mzibo wa mafuta ilitakiwa aanze na kichwa cha mpira kusukuma na kuvuta, kama pampu, mpaka maji yaanze kupita, afu amalizie na kwangulio, kichwa cha kukwangua kuta za bomba. Hakuweza sababu rodi zake hazikufika.

Kwa hiyo tatizo mama lilikuwa urefu. Urefu haukutosha ndo akaazima, alipoazima ndo uzi ukachanganyika na kichwa kikawa hicho kilichopatikana.

Baada ya hapo mama mdogo akaamua nyumba iwe na rodi zake zenyewe, maana fundi anaweza kubadilika ila bomba ni lile lile. Nikaenda Kariakoo, kule upande wa Gerezani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na nitasema nilichokuwa naangalia maana nadhani hapo ndo mtu anaweza kupata kitu.

Kwanza kabisa nilibeba sumaku ndogo na tupa. Wauza duka wengi watakwambia kiungo ni brasi kwa sababu ni cha njano. Brasi haishikwi na sumaku. Ukiweka sumaku ikanata, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi ya njano, na chuma kwenye chemba kinashika kutu, uzi unajaa kutu, siku ya kufungua utatafuta plaizi mbili na jirani. Sasa ikiwa haijanata bado siyo ushahidi kamili, maana aloi ya zinki nayo haishikwi na sumaku, na hiyo ni laini na inavunjika meno. Hapo ndo tupa inaingia, kwangua kidogo sehemu ya pembeni isiyoonekana, brasi ni ya njano mpaka ndani, hiyo nyingine utaona kijivu au weupe chini ya rangi. Kuna muuzaji alinikatalia kukwangua, nikamwambia sawa kaka, nikaenda duka la pili. Hakuna ubaya, mali ni yake, lakini hela ni ya kwangu.

Pili ni jinsi fimbo inavyoshikwa na chuma. Kuna zilizobanwa tu, yaani ile soketi ya brasi imeminywa juu ya plastiki, na kuna zilizobanwa afu zikapigwa riveti inayopita katikati kutokea upande wa pili. Tafuta yenye riveti. Iliyobanwa tu ikipata joto la jua na maji ya moto ya jikoni plastiki inalegea ndani ya soketi, unazungusha mkononi kumbe plastiki inazunguka peke yake na kichwa mbele kimetulia. Shika chuma mkono mmoja, plastiki mkono mwingine, nyonga kwa nguvu zote. Isisogee hata kidogo.

Tatu fungua na funga rodi zote za seti, siyo mbili za juu ambazo muuzaji kakuchagulia. Kila dume liingie kwenye kila jike kwa vidole vitupu, lizunguke laini mpaka mabega ya chuma yakutane, na yakishakutana usione upenyo na usisikie mchezo. Kwa uzi wa meno kumi kwa inchi, ukizungusha duara tatu tu na imegota hiyo ni fupi, ingekuwa yangu nisingechukua.

Nne, ipinde. Rodi nzuri ya polipropilini unaipinda kama upinde na ukiiachia inarudi kunyooka, au inabaki na kakunjo kadogo sana. Ile mbaya inabaki imepinda, au inatoa ule weupe niliousema. Angalia pia kama ni fimbo iliyojaa au ni mrija uliotoboka katikati, ipime mkononi kwa uzito ukilinganisha na nyingine ya unene huo huo.

Unene. Kwa bomba la inchi 4 la nyumbani lenye chemba ndogo kama yetu, milimita 19 hivi, yaani robo tatu ya inchi, ndo mahali pake. Zipo nyembamba za milimita 13 hivi, hizo kwenye bomba la inchi 4 zinajikunja kama nyoka ndani ya bomba, wewe unasukuma mita moja huku mbele haijasogea, unadhani umefika kumbe umejaza tambi. Ni za mabomba madogo ya sinki na bafu, na hata huko springi ya kuzibulia, ule waya mrefu uliojisokota, ni bora zaidi. Za inchi nzima, milimita 25, ni kwa mabomba makubwa ya inchi 6 na njia ndefu zilizonyooka, na chemba yenye nafasi. Kuna mtu dukani alinisihi nichukue hizo, "hizi ndo zenyewe mzee, hazivunjiki." Hazivunjiki kweli, ila kwenye chemba ya sentimita 45 hazipindi pia, utaishia kupigana nazo mdomoni mwa bomba.

Kuna aina nyingine ya kiungo ambayo siyo ya kusokota, ni ya kufyatua, pini yenye springi inaingia kwenye tundu na inajifunga, kufungua unatumia kifunguo chake. Hiyo uzuri wake mkubwa ni kwamba unageuza upande wowote, kulia, kushoto, haijifungui, kwa hiyo ule mtego wa kichwa cha msokoto unaisha. Kama nyumba yako ina miti mikubwa na mizizi ndo adui yako, na ukiipata, mimi ningelipa zaidi kuichukua. Ubaya wake, mchanga na mafuta vinaingia kwenye ile springi, usipoisuuza vizuri siku nyingine pini haitoki, na ukipoteza kile kifunguo utapata tabu. Na haziungani na za kusokota, kwa hiyo ukianza nazo umeanza nazo. Kwa Tabata, nyumba ambayo fundi yeyote atakayeitwa saa mbili usiku inabidi aelewe anachopewa, tulibaki na za kusokota.

Tulinunua seti mbili za aina moja, kumi na kumi, duka moja, siku moja, na nikaungana na muuzaji kuzifunga mchanganyiko pale pale sakafuni kuhakikisha rodi ya seti ya kwanza inakubali ya seti ya pili. Ishirini ni nyingi kwa mita 14, ndiyo, lakini kumi ilikuwa pungufu na muuzaji hakutaka kuvunja seti. Vichwa tulichukua cha mpira cha inchi 4, kwangulio, na cha msokoto kimoja. Kile cha gurudumu, kinachoongoza rodi zisigonge kwenye maungio, tuliacha maana njia yetu imenyooka. Brashi tuliacha pia. Usisahau kucheki kichwa nacho, kile cha kwanza cha mpira nilichopewa uzi wake ulikuwa wa seti nyingine kabisa.

Gharama yote hii, ukilinganisha na kufukua, kununua kipande cha bomba na soketi, na kumlipa kijana wa kurudishia pevingi, ilikuwa ndogo. Sitaji bei sababu zinabadilika kila mwezi.

Kitu ambacho kwa maoni yangu kilikuwa na faida kuliko hata rodi ni kile tulichofanya pale tulipofukua. Badala ya kuunga bomba na kufunika, fundi aliweka tii ya mshazari yenye mkono unaopanda juu mpaka usawa wa pevingi, na juu yake plagi ya kusokota. Ile njia ya mita 14 isiyo na mlango sasa ina mlango kwenye mita ya kumi na mbili, na rodi kumi zinatosha, zisipofika kutokea chemba zinafika kutokea mlangoni, nyingine unaweza usizihitaji kabisa. Wakati bomba liko wazi alilipima mteremko pia. Kwa inchi 4 kanuni ya zamani ya mafundi ni moja kwa arobaini, yaani sentimita 2 na nusu kila mita, kwa mita 14 inakuja sentimita 35. Pale palipoziba bomba lilikuwa limelala kabisa, udongo ulishuka chini yake, ndo maana mafuta yalipenda pale. Akajaza mchanga, akashindilia, akalinyanyua.

Matumizi yake ni haya tunayowaambia wapangaji na mafundi. Rodi hazipitishwi kwenye bakuli la choo hata siku moja, utavunja sinki na kona za ndani ni kali, rodi hazipiti kona kali ya nyuzi 90, hiyo ni kazi ya springi. Zinaingia kwenye chemba au kwenye ule mlango wa tii tu. Glavu ndefu, gambuti, miwani, na hakuna kuinamisha kichwa kwenye septiki iliyofunguliwa wala kuwasha sigara karibu, gesi ya mle ndani inaua na nyingine inawaka. Mtu asiingie ndani ya shimo kwa sababu yoyote, hata kama imedondoka simu. Fundi akiwa na kidonda mkononi mpe kazi nyingine, maji taka yana homa ya mgunda na homa ya ini ndani yake.

Na mama wa chipsi amewekewa ndoo ya chuma yenye mfuniko, mafuta ya jioni yanapoa humo, akimaliza wiki kuna jamaa anayekuja kuyachukua. Amelalamika kidogo kuhusu inzi, nikamnunulia mfuniko unaobana.

Rodi zinakaa stoo, zimelala, siyo zimesimamishwa kwenye kona zikapinda, na siyo nje, jua la Dar linaikausha plastiki mpaka inakuwa kama biskuti. Kila zikitumika zinasuuzwa kwa maji ya jiki hafifu, zinakaushwa, uzi unapakwa grisi kidogo. Kila rodi ina namba ya rangi ya mafuta, 1 mpaka 20, na kabla fundi hajalipwa zinahesabiwa mbele yake. Yule jamaa wa Segerea alishakuja kuziazima. Nikampa kumi pamoja na kichwa cha mpira, nikamuomba tu asiziunge na zile zake.